Kupima Kabla ya Kufungua

Range Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, ilipata giaboksi ya otomatiki mwaka 1982. Gia hiyo ikichelewa kushika, fundi mwenye pupa huishusha yote. Tunayemsifu sisi huchomoa kwanza kijiti cha kupimia mafuta, injini ikiunguruma. Yamepungua? Huenda kuziba panapovuja na kuongeza mafuta kukatosha. Yamegeuka kahawia na kunuka moshi? Basi sahani za klachi zimeungua. (Kwa kipimo hicho hutoza kidogo, hatajirika upesi.)

Nawe, ndugu mwanachuo, mtoto aandikapo 52 − 27 = 35, mwambie akokotoe kwa sauti. Utamsikia akitoa 2 katika 7: ameshika kwamba ndogo daima hutolewa katika kubwa. Makumi ameyatoa barabara. Tumewaona watoto kama huyo wakiitwa wazito miaka mitatu mfululizo, wala hapana aliyewasikiliza.