Ua la Abaya na Programu ya Wizi



Dukani kwetu tuko watatu, na mashine ya kudarizi ya kompyuta ni moja. Maharusi wakiingia hukimbilia kioo. Mafundi wenzetu macho yao huenda kwenye kidude kilichochomekwa ubavuni mwa kompyuta, wakidhani ni flashi. Si flashi, ni ufunguo. Programu tunayochorea nakshi, Wilcom, tuliinunua pamoja na kidude hicho, na kikichomolewa haifanyi kazi. Tulipokezana mchezo mpaka tukaimaliza.

Basi huulizwa: "Nyie mna wazimu? Si fundi fulani anaiweka iliyovunjwa kwa bei ya dera moja?"

Huwa tunawajibu kwa ua letu. Faili inayokwenda kwenye mashine mara nyingi ni ya DST, na ndani yake mna amri za sindano tu: nenda hapa, ruka, badilisha rangi. Haina kufuli. Kuna kijana alikuja kututengenezea kompyuta, akaondoka na faili zetu. Biharusi aliyelipia nakshi ya peke yake akaikuta kifuani mwa mwanamke mwingine, tena ukumbini, siku ya harusi yake mwenyewe. Alikuja kulia hapa dukani, na haki yake. Usiku tatu tulikesha na ua lile, petali kwa petali.

Sasa na walioandika hiyo programu walikesha. Kampuni ni ya Sydney, Australia, ilianza 1979. Watu husema, aa, hao wakubwa, hawapungukiwi. Yule kijana naye alisema hivyo hivyo juu yetu!

Na kwa sisi Waislamu jambo hili si geni kwa wanazuoni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya OIC, lilikutana Kuwait Desemba 1988, na katika azimio namba 43 likasema haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, Sharia inazilinda, na haijuzu kuzivamia. Abaya ya kuvaliwa siku ya nikaha, jamani, ianzie kwenye kitu hicho?

Hayo ya dini ukiyaweka kando, kuna ya dunia. Anayekuwekea programu iliyovunjwa kwa kawaida huanza kwa kukuzimia kinga ya virusi. Dada mmoja tunayemjua kompyuta yake ilijifunga wiki ya harusi mbili. Michoro yote ikapotea, akarudi kudarizi kwa mkono.

Asiye na uwezo wa kununua, ipo Ink/Stitch. Ni ya bure kwa ridhaa ya walioitengeneza, hufanya kazi ndani ya Inkscape, na hutoa faili ya DST. Inataka subira kuijifunza, lakini sisi wenyewe ni wa fomu foo na kozi ya cherehani, na tuliielewa.

Siku hizi kompyuta haiendi kwa fundi na michoro ya watu. Tunaihamishia kwenye diski ya nje, inakaa kabatini. Faili ya EMB, ile ambayo mtu anaweza kuibadilisha ua kwa ua, haitoki dukani hata kwa shoga. Na kwenye risiti ya biharusi tunaandika kama nakshi ni yake peke yake, na mpaka lini.