Boti Tunayo Mtwapa, Maji Tassia Hatuna

Mpenzi msomaji, nikikuambia kwamba mimi, mkazi wa Tassia, orofa ya tano, katika jumba ambalo maji ya mfereji huja mara mbili kwa juma na siku zilizosalia tunapandisha mitungi kwa mabega, ni mmiliki wa nusu ya boti, bila shaka utacheka. Cheka tu. Majirani walishacheka kabla yako. Mmoja aliniuliza ikiwa nitaipitisha barabara ya Outer Ring msimu wa masika.

Nusu ile nyingine ni ya shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mtu wa pwani ambaye amekuwa nahodha wa boti za watu wengine tangu ujana wake. Boti yenyewe ni ya faiba, futi 28, na mbele ina kijumba chenye vitanda viwili, jiko dogo la gesi na choo ambacho mtu mnene hawezi kuingia akajigeuza. Iliundwa kabla sijajuana na mke wangu, na imepita katika mikono ya wenyewe watatu. Kazi yake ni kutembeza familia na wageni katika hori la Mtwapa, na wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, kuwapeleka nje ya mwamba wale wanaopenda kuvua nduaro na sulisuli.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu tangu habari hii ienee mtaani, watu hawaishi kuniuliza. Kuna akina mama wa chama kimoja hapa Tassia, kuna vijana wawili wa chuo kikuu, na kuna mwalimu mmoja anayekaribia kustaafu na ambaye kiinua mgongo chake kinamwasha hata kabla hajakipata. Wote wameona picha za boti za zamani kwenye simu, zikiuzwa na wageni wanaorudi kwao, kwa bei isiyozidi ya gari dogo la mtumba kutoka Japani. Wanauliza, je, hiyo si bahati?

Jibu langu ni kwamba hiyo bei si bei. Mtu hauzi boti siku aliyomaliza kuitengeneza. Huiuza siku fundi alipomsomea gharama za matengenezo yanayokuja. Ukinunua boti kuukuu umenunua na deni lake, nawe ndiwe utakayelilipa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Ikiwa hilo hulioni tangu mwanzo, chombo kitakula karo ya watoto huku kimefungwa nanga.

Boti ya kwanza tuliyoonyeshwa iling'aa kama bibi harusi. Rangi mpya, matakia mapya, hata bendera mpya. Shemeji hakusema neno. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini, akafunua kifuniko, akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa na joto. Kumbe muuzaji alikuwa ameiwasha kabla hatujafika, na injini ya dizeli iliyokwisha kupata moto huficha aibu zake. Ukitaka kuijua, iwashe ikiwa baridi, kisha utazame moshi. Ule mweusi husema dizeli haiungui yote au injini imeelemewa. Wa buluu, oili inaungua. Mweupe kidogo wakati wa kuwasha si neno, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, huenda maji yamepata njia ya kuingia yasikotakiwa. Chomoa na kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili imekuwa kama chai ya maziwa, shukuru na uondoke.

Kisha shemeji alichukua bisibisi, akaigeuza, akaanza kugonga sakafu ya boti kwa mpini wake, hatua kwa hatua kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Ko, ko, ko. Karibu na tezi, kule nyuma, sauti ikabadilika ikawa nzito, kama mtu anayegonga gunia. Faiba haiozi, ndugu msomaji, lakini mbao zilizofichwa katikati ya faiba huoza vizuri sana. Maji hupenya kwenye tundu la skrubu moja iliyolegea, yakakaa humo miaka bila kuonekana. Rangi mpya ilikuwa imepakwa juu ya uozo. Tulimshukuru muuzaji kwa soda, tukaondoka.

Tuliyoinunua ilikuwa mbaya wa sura. Rangi imepauka, mapazia yameraruka, na kijumba kinanuka dizeli na samaki. Lakini mwenyewe, mzee mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, alitoa daftari. Ndani yake alikuwa ameandika kila siku aliyobadilisha oili, kila chujio, kila safari, na saa za injini zikiwa zimehesabiwa pembeni. Aliandika hata makosa ya fundi. Nathubutu kusema kwamba tulinunua daftari, boti tukapewa juu. Hata hivyo hatukulipa mpaka tulipokwenda nayo baharini saa nzima, jicho la shemeji likiwa kwenye mshale wa joto na langu likiwa ufuoni, kwa kuwa mimi ni mtu wa bara.

Injini ni Perkins ya silinda nne, aina ya 4.236. Usiogope tarakimu. Hiyo ni ndugu wa ile iliyovuta matrekta ya Massey Ferguson katika mashamba yetu miaka nenda miaka rudi, na hapo ndipo mimi mtu wa Eastlands nilipopata kazi ya kufanya katika ushirika huu. Gasketi, nozeli na machujio nayapata Kirinyaga Road hapa Nairobi, kisha nayabeba kwenye gari la moshi kutoka Syokimau. Ukitafuta boti kuukuu, uliza kwanza injini yake ina ndugu gani nchi kavu. Isiyo na jamaa itakuweka miezi ukingoja kifurushi kutoka ng'ambo.

Walakini usidanganyike kwamba ni trekta tu linaloelea. Trekta lina radieta na feni. Boti inapozwa na bahari. Kuna pampu inayovuta maji ya chumvi, na ndani yake mna kigurudumu cha mpira chenye mapezi, kidogo hata kinaenea kiganjani. Pezi moja likikatika, vipande vinaweza kuziba njia ya maji, na injini iliyogharimu malaki ikachemka kwa dakika chache. Sisi hukibadilisha kila mwaka hata kama kinaonekana kizima, na kingine hukaa ndani ya boti wakati wote. Hali kadhalika kuna vipande vya zinki vilivyofungwa karibu na rafadha, au propela kama wanavyosema mafundi. Maji ya chumvi hupenda kula madini, basi yanapewa zinki yaile, yaiache rafadha. Zinki ikibaki nusu, inatolewa. Naona hii ni sadaka ya bei rahisi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Kama injini ni ya petroli, jihadhari zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini katika ngama, yaani kule tumboni mwa chombo maji taka yanakokusanyika. Cheche moja ya stata yatosha. Lazima feni ya kutoa mvuke iendeshwe dakika kadhaa kabla ya kuwasha, na pua yako pia ifanye kazi.

Tumbo la boti lina mambo yake. Chaza na magugu hushika humo, chombo kikawa kizito na dizeli ikaliwa bure. Kuna rangi maalumu yenye shaba ya kuwazuia, nayo hupakwa upya kila mwaka. Kukwangua tunafanya wenyewe wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa kuwa siku hizo maji hupanda na kupwa kuliko kawaida. Shemeji huileta boti ufuoni maji yakijaa, maji yanapopwa inabaki imekaa juu ya magogo, na hapo tuna saa chache tu kabla bahari haijarudi kudai mahali pake. Nimewahi kumwona mke wangu amelala chali chini ya boti na kikwangulio, kanga kichwani, akiwapigia kelele wanaume watatu kwamba wanazungumza mno.

Usidhani uzee peke yake ndio unaoua chombo. Ile meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa na Wajerumani mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe vitani. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ikabeba abiria na mizigo kwa miongo mingi. Miaka minane majini, na grisi ikailinda! Shemeji akinisikia nikilalamikia bei ya grisi, hunitajia Liemba.

Sasa tuje kwenye fedha. Mke wangu anauza nguo za watoto hapa Tassia, naye ndiye mweka hazina wa boti hii, uwe unapenda au hupendi. Sharti lake lilikuwa kwamba tusimpe muuzaji zaidi ya nusu ya fedha tulizonazo. Ukiwa na milioni moja, tafuta boti ya laki tano. Nusu iliyobaki ilikwenda yote: mipira ya maji, valvu zote zilizo chini ya maji, nyaya za umeme, betri mbili, na jaketi za kujiokolea, za watu wazima na za watoto. Kisha kukawa na ukaguzi na leseni ya Halmashauri ya Usafiri wa Baharini, yaani KMA, ambayo bila hiyo huwezi kubeba abiria. Na kabla ya hayo yote, hakikisha karatasi za ushuru za chombo cha mgeni ziko sawa, usije ukarithi kesi.

Juu ya jaketi mke wangu hana mzaha. Yeye ni mzaliwa wa Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama hapo na kuua watu 272, alikuwa mtoto wa shule, na anakumbuka akina mama wakikimbilia ufuoni pasipo viatu.

Desemba iliyopita tulipata jaribio letu. Mkesha wa Krismasi, familia tatu kutoka Nairobi zilikuwa zimelipa, na watoto wamekwisha kufika gatini na kofia zao. Shemeji alifunua ngama kama afanyavyo kila asubuhi, akakuta maji yamepanda. Kibano cha mpira mmoja kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kikakatika, na swichi ya pampu inayojiwasha yenyewe ilikuwa imekufa usiku huo huo. Kijana mmoja wa kazi alisema safari ni ya saa mbili tu, wataenda wakifua maji kwa pampu ya mkono. Mmoja wa akina baba naye akaunga mkono, kwa sababu watoto walikuwa wameanza kulia.

Shemeji alinipigia simu. Nilikuwa kwenye ngazi, mtungi begani. Aliniambia, "Shemeji, nawarudishia watu fedha zao." Hakuwa anauliza.

Fedha zile tulikuwa tumezihesabia karo ya Januari ya mtoto wetu wa pili, na kifungua mimba alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo kikuu. Nilipomweleza mke wangu, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kibano hicho ni cha shilingi ngapi. Nikamtajia. Akasema, "Nunua vyote vya boti nzima, viwili kwa kila mpira, na viwe vya chuma kisichoshika kutu." Karo tulikopa chamani, na deni tulilimaliza mwezi wa Aprili. Familia mbili kati ya zile tatu zilirudi wakati wa Pasaka. Ya tatu haijarudi, nami siilaumu.

Nikuandikiapo ni majira ya kusi, bahari imechafuka, na boti imepandishwa nchi kavu, kwa kuwa miezi hii ndiyo ya matengenezo. Shemeji ameleta orodha yake. Anataka pia injini mpya, akisema hii imezeeka. Mweka hazina amemjibu kwamba daftari halisemi hivyo, na kwamba karo ya muhula inatangulia. Juma lijalo natumwa tena Kirinyaga Road, safari hii kutafuta mkanda wa altaneta. Nimeagizwa nibebe ule wa zamani mkononi, nisije nikauziwa wa trekta usioenea.