Hukumu ya Glasi Nne

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu habari za ngeli, za methali na za utungaji wa mashairi, na huenda baadhi yao watakunja uso watakapoona kwamba safari hii twazungumza habari za kileo. Twawaomba radhi mapema. Hatukusudii kumshawishi mtu anywe, wala mmoja wetu hanywi kabisa kwa sababu ya imani yake. Lakini jambo lenyewe lilitufikia kwa njia ya lugha, likatutia katika mashaka ambayo hatukuyatazamia, na hatuoni mahali pengine pa kulisimulia isipokuwa hapa.

Sisi twakaa Nathenje, kituo cha biashara kilicho kusini ya Lilongwe kando ya barabara kuu iendayo Dedza na Blantyre. Ni nchi ya mahindi, tumbaku na karanga. Kiswahili chake ni cha wapita njia: madereva wa malori watokao Dar es Salaam kwa njia ya Karonga, na wafanyabiashara wa Kongo na Burundi waliokuwa na maduka madogo sokoni. Darasa letu la jioni lilijaa watu wa namna hiyo pamoja na wenyeji wachache waliotaka kujifunza, hasa baada ya Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019. Mwaka 2023, serikali ilipowataka wakimbizi warejee Dzaleka, wanafunzi wetu wengi walikwenda, nasi tukaanza kuwafuata huko mara moja kila mwezi: basi dogo hadi Lilongwe, basi jingine kuelekea kaskazini, kisha njia ya Dowa.

Mmoja wa wanafunzi hao wa zamani sasa yuko Louisville, katika jimbo la Kentucky. Wakongo waliohamishiwa huko kutoka makambi ya Afrika Mashariki ni wengi, na si ajabu kusikia Kiswahili katika maduka ya mji ule. Yeye alipata kazi ya kubingirisha mapipa katika ghala la wiski. Mwaka jana alitumia msafiri mmoja kutuletea chupa tatu na barua. Barua ilisema hivi kwa ufupi: wenzake kazini hubishana kila siku ni ipi iliyo bora miongoni mwa chupa za bei nafuu zinazonywewa na watu wa kawaida, nao wana maneno mengi ya kuzieleza; yeye akitaka kusema aonavyo, Kiingereza humpungukia, na akirudi kwenye Kiswahili huona nacho kimenyamaza. “Walimu wangu, onjeni, mnipe hukumu kwa lugha yetu.”

Tulijiona tumeheshimiwa, na pia tumechokozwa.

Kabla ya kuonja tulisoma kidogo. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba wiski ile ni mahindi. Sheria ya Marekani hairuhusu kinywaji kuitwa burboni ila nafaka zake ziwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi. Kilichobaki huwa rai, ambayo ni jamaa ya ngano, au ngano yenyewe, pamoja na kimea cha shayiri. Kisha lazima kilazwe katika pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani mpaka likawa mkaa. Rangi yote ya hudhurungi hutoka katika pipa hilo, kwa maana kinywaji kikitoka jikoni huwa cheupe kama maji. Basi mtu wa Nathenje anayelala juu ya magunia ya mahindi hana sababu ya kukiona kitu hiki kuwa cha ajabu. Kachasu ya Malawi, ambayo jina lake latokana na Kireno, hupikwa kwa pumba za mahindi na sukari. Lutuku ya Katanga ni mahindi na muhogo. (Kamusi zatuambia “kukeneka”, na ni neno zuri, lakini hatujapata kumsikia mpishi hata mmoja akilitumia. Wote husema “kupika”.)

Jambo la pili lilikuwa sheria ya mwaka 1897. Zamani zile wauzaji wa Marekani walikuwa wakichukua spiriti tupu, wakaitia rangi kwa tumbaku, kwa iodini na kwa vitu vingine vibaya, wakaiuza kwa jina la wiski kongwe. Ndipo serikali ikaweka dhamana: chupa yenye muhuri ule lazima iwe imetoka katika kiwanda kimoja na msimu mmoja, imelala miaka isiyopungua minne katika ghala linalosimamiwa na serikali, na nguvu yake ni asilimia 50 kamili. Tulilitafakari sana jambo hili. Kumbe hukumu ya kwanza iliyotolewa kwa ajili ya mnywaji wa kawaida haikuwa ya ladha. Ilikuwa ya kumhakikishia kwamba kilichomo ndani ya chupa ndicho kilichoandikwa nje.

Chupa zetu zilikuwa Jim Beam ya kibandiko cheupe, Evan Williams yenye dhamana hiyo ya 1897, na Jack Daniel's, ambayo hutoka Tennessee na huchujwa kwanza katika mkaa wa mti wenye utomvu mtamu. Kuhusu hii ya tatu yafaa msomaji ajue kwamba Nathan Green, aliyejulikana kwa jina la Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyemfundisha kijana Jack Daniel kazi hiyo. Nayo kampuni ilianza kulitangaza jambo hilo hadharani mwaka 2016.

Tulikutana Jumamosi alasiri, watu wanne: mmoja wetu mzaliwa wa Kigoma, mmoja wa Lubumbashi, mmoja wa Karonga, na yule asiyekunywa, ambaye alikubali kuwa karani na kumimina glasi nasi tukiwa nje, tusijue ipi ni ipi. Mezani palikuwa na maji, nsima tupu ya kusafishia kinywa, na karanga za chalimbana ambazo baadaye tulikiri ziliharibu kazi, kwa sababu mafuta yake hufunika ulimi. Tulitazamia glasi tatu. Karani alileta nne.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba Kiswahili hakikuwa kimenyamaza hata kidogo. Sisi ndio tuliokuwa tumeacha kukisikiliza. Mwanzoni kila mtu alisema “kali” akanyamaza. Karani akakataa kuandika. Akasema pilipili ni kali, siki ni kali, jua ni kali na mwalimu ni mkali, basi tuchague. Tukaanza upya. Glasi ya kwanza ilinukia sukari guru na vanila, ikapita upesi kooni bila kuacha kitu. Mtu wa Kigoma akasema “chapwa”, akarekebishwa kwamba si chapwa, ila haikukolea. Ya pili iliwasha midomo hata macho yakatoka maji, lakini tulipoitia maji kidogo ilifunguka: tende, ngozi ya chungwa, na mwishoni ule ukakasi wa ndizi mbichi unaokausha ufizi, ambao ndio mkono wa pipa. Ya tatu ilikuwa laini, yenye harufu ya ndizi mbivu na moshi wa mbali. Mtu wa Lubumbashi alitaka kuita ukakasi ule “uchungu”, nasi tukabishana karibu nusu saa. Uchungu ni ladha, kama ya mwarobaini. Ukakasi ni mguso, si ladha. Mwanafunzi akishika tofauti hiyo moja, Kentucky yote haitamtisha.

Hukumu yetu juu ya tatu hizo ni nyepesi. Ya pili, ile ya dhamana, tuliiweka mbele, si kwa utamu wake tu bali pia kwa hesabu ya mtu wa kipato kidogo: ukizitia maji chupa nne za asilimia 50, wapata chupa tano za asilimia 40. Jack Daniel's ikafuata, na Jim Beam ikawa ya kunywa bila kufikiri, jambo ambalo pia lina siku yake.

Glasi ya nne ilikuwa nyeupe. Ilitoa harufu ya gundi kabla hatujaileta puani, ikachoma, kisha chini ya moto ule pakatokea utamu safi wa mahindi mabichi ambao glasi tatu zenye rangi zilikuwa zimeufunika. Mtu wa Lubumbashi aliinusa mara moja tu, akaiweka chini. “Hii ni ya nyumbani,” akasema.

Karani akakiri. Ilikuwa kanyanga kutoka Dzaleka, iliyopikwa na mama wa yule kijana wa Louisville. Sote tulimfahamu mama huyo. Kanyanga ndiyo iliyomlipia mwanawe daftari, sare na nauli mpaka siku alipopanda ndege. Wala hatukuwa wageni wa maisha ya Dzaleka: kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu wapatao elfu kumi na sasa ina zaidi ya elfu hamsini, ambao hawaruhusiwi kwa urahisi kufanya kazi nje ya mipaka yake. Kanyanga haina leseni, nasi twajua. Twajua pia posho hutosha siku ngapi.

Lakini ile harufu ya gundi ilitunyima usingizi. Kila mtu alikumbuka habari aliyopata kuisikia. Mwezi wa Novemba 2000 zaidi ya watu 130 walikufa katika vitongoji vya Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, mpakani mwetu hapa, watu 75 walikufa kwa pombe ya matangani. Watu wakasema imetiwa nyongo ya mamba, na baadaye uchunguzi ukaonyesha ni sumu ya bakteria waliomea katika unga ulioharibika. Tungewezaje kuandika kwamba ya mama haikukolea vizuri, kana kwamba twasahihisha insha, na kama ingekuwa inaua, tungewezaje kunyamaza?

Basi safari ya mwezi uliofuata tulikwenda kwake, tukiwa na nusu chupa ya Evan Williams mfukoni. Alitukaribisha kwa chai. Tulizunguka sana kabla ya kusema, mpaka yeye mwenyewe akatukata: “Walimu, semeni. Nimesikia mumeionja.”

Tukasema. Tulimwambia yale maji ya kwanza yatokayo kwenye mrija ndiyo yenye harufu ya gundi, na kwamba yafaa yamwagwe. Akatutazama kwa subira. Alijua hayo kabla yetu. Maji ya kwanza, akasema, ndiyo wateja wa alfajiri wanayoyataka, kwa sababu yanapanda kichwani haraka, na huyalipia zaidi. Akiyamwaga, atafidia kwa nini? Kisha akaongeza, na hapa sauti yake ilibadilika: “Mimi simchanganyii mutu kitu. Wale wanaouwa watu wananunua spiriti ya dukani, wanatia maji. Mimi nikipika, na mimi nakunywa ya kwanza.” Akatuonyesha kijiko anachowashia moto: mwali ukiwa wa buluu, pombe ni nzuri.

Ilitubidi tumwambie ukweli wote, ambao haukuwa wote upande wetu. Kumwaga maji ya kwanza huondoa harufu na makali yale yaumizayo kichwa, lakini si dawa ya methanoli, kwani hiyo hutoka tangu mwanzo wa mpiko hadi mwisho. Mahindi na sukari safi huzaa kidogo tu. Maafa makubwa ya methanoli aghalabu yametoka kwa watu wanaoongeza spiriti ya viwandani, kama alivyosema yeye. Ila kijiko chake hakimwambii kitu, maana methanoli nayo huwaka buluu. Kuhusu wateja wa alfajiri hatukuwa na jibu, na hatukujifanya tunalo.

Tukamimina ile ya Kentucky. Aliishika mdomoni muda mrefu kuliko sisi.

“Hii imelala,” akasema. “Iko na miaka ngapi?”

Minne, tukamjibu, na katika kila pipa sehemu hupotea hewani mwaka hadi mwaka. Wenyewe huita fungu la malaika. Akacheka. Huku kwake, akasema, malaika watangoja zamu, kuna watoto mbele yao. Kisha akauliza kama mwanawe ndiye anayeyalaza mapipa yale, nasi tukasema ndiyo, au ndiye anayeyabingirisha hadi yanapolala.

Alitaka kuisikia barua tuliyokuwa tumemwandikia kijana. Tulisoma kwa sauti: glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulipofika ya nne sauti ilitupungua kidogo. Tulikuwa tumeandika kwamba ni tamu ndani, lakini ni kali mno mwanzoni.

“Kalamu iko wapi?” akauliza. “Toeni hiyo *kali*. Kali ni sifa, watu wananilipa kwa sababu ya kali. Andikeni inakwaruza. Yeye ataelewa.”

Tukalikata neno, tukaandika lake.