Mikeno, Mlima Usio na Njia

Kati ya milima ya Virunga, upande wetu wa Kongo, umesimama mlima Mikeno, wenye urefu wa mita 4437. Jina lake hufasiriwa kuwa «maskini», kwa kuwa miteremko yake haimpi mtu shamba wala makao. Zamani zile wageni waliofika Goma walipenda kupanda Nyiragongo, ambako njia ilikuwa imekanyagwa na wengi. Mikeno ulibaki peke yake. Mwaka 1927 ndipo Padri van Hoef na wenzake walipofika kileleni.

Sisi tuliuendea mwaka 1988, vijana watano, tukiongozwa na mzee mmoja mwenyeji. Tulitoka Kibumba, tukapenya mianzi, tukalala Kabara, penye kaburi la Carl Akeley, mtaalamu Mmarekani aliyefariki huko mwaka 1926.

Asubuhi njia ilikwisha. Mbele yetu palikuwa na upupu, matope, na miti mikongwe yenye ndevu za kijani. Mzee alikata kwa panga, na kila baada ya hatua chache aligeuka, akavunja kitawi, ncha yake ikielekea tulikotoka. Tukamwuliza sababu. Akajibu: «Wanangu, njia ina nyuso mbili. Uso mliouona mkipanda sio mtakaouona mkishuka.»

Karibu na saa sita tulifika chini ya mwamba mkali. Ukungu ukashuka, jiwe likalowa. Mzee akasema turudi. Mmoja wetu akanung'unika: tumetaabika siku mbili, na sasa kilele ki karibu! Mzee hakukasirika. «Mlima hauhami,» akasema, «lakini mama yako anakungoja.»

Tukatii, ingawa moyoni tuliona haya. Kumbe, tulipoingia tena msituni, hatukuweza kuonana hatua kumi. Kila mti ulifanana na mwenzake. Mara mbili tulitaka kufuata bonde lisilo letu, na mara mbili kitawi kilichovunjwa kikatuonya. Yule aliyenung'unika akatangulia, akivigusa vitawi kimoja kimoja. Usiku ulitukuta Kabara, tumeuzunguka moto, wote sita.

Kilele cha Mikeno hatujakiona mpaka leo. Lakini kijana ye yote anayetuomba shauri kabla ya kwenda mahali pasipo njia, twamfundisha kwanza kutazama nyuma.