Picha Isivutwe

Wengi wetu hapa Makandana tumehifadhi kanda za harusi na za maziko, nasi twapenda kuzigeuza ziwe filamu safi za HD. Kazi hiyo ni njema, lakini ina hatari yake. Katika nyumba moja niliwaona watoto wakimcheka bibi yao, ambaye hawakumwona akiwa hai, kwa kuwa filamu ilimfanya mnene kama mtungi. Nilihuzunika, maana hawana sura yake nyingine.

Sababu ni hii. Picha ya kanda za zamani kwa kawaida ina upana wa 4 kwa kimo cha 3. Ya HD kamili ina 16 kwa 9, yaani nukta 1920 kwa 1080. Programu ya kompyuta ikiamriwa kujaza kioo chote, humpanua kila mtu kwa theluthi moja.

Basi, kabla ya kuitoa filamu, agiza uwiano wa asili ushikwe: picha iwe 1440 kwa 1080, na kila upande ibaki nafasi nyeusi ya nukta 240. Weusi huo si dosari. Tena ziko kanda zilizopigwa kwa 16 kwa 9. Hizo ukizibana katika 4 kwa 3, watu hukonda. Kwa hiyo jaribu kwanza kipande kifupi, utazame kitu cha mviringo, kama gurudumu la baiskeli. Likiwa kama yai, rudia. Na kanda yenyewe usiitupe. Yafaa wajukuu wamjue bibi kwa sura aliyokuwa nayo.