Faili la Rosie

Wiki hii hatuandiki habari za mgao wala za karatasi. Tunaandika juu ya filamu ya mfululizo iliyotukamata hapa kwetu, The Killing. Walioanza ni Wadenmark, mwaka 2007, vipindi 20 juu ya kifo kimoja tu. Wamarekani wakaichukua 2011 wakaihamishia Seattle, na hiyo ndiyo tuliyoipata kwenye flashi.

Tuseme ukweli, ni nzito na inaenda polepole. Mvua haikatiki. Watu wanakaa mezani kimya. Baadhi yetu waliiacha kwenye kipindi cha pili wakarudi kwenye filamu zao za ngumi, na hatuwalaumu. Rosie Larsen, msichana wa shule, anakutwa ndani ya buti ya gari lililotolewa ziwani. Gari lilipozama alikuwa bado hai. Wapelelezi wawili, Sarah Linden na Stephen Holder, wanamtafuta muuaji kwa vipindi 26, na msimu wa kwanza uliisha bila jibu. Huko Marekani watazamaji walikasirika kweli. Sisi tulicheka kidogo. Kungoja jibu, hilo tunalijua.

Lakini kilichotushika si nani kaua. Ni lile faili. Mtu mmoja kafa, na ofisi nzima haina usingizi: alikuwa na nani, simu ya mwisho alimpigia nani, teksi gani ilimbeba. Sisi tunaoandika hapa, karibu kila mmoja ana mtu wake aliyeuawa huko mashariki mwa Kongo, na hakuna hata mmoja ambaye polisi alikuja kuuliza alionekana lini mara ya mwisho. Wengine walizikwa usiku, haraka haraka, bila sanda. Juzi baada ya kipindi tulijaribu kukumbuka kaka wa mwenzetu alivaa nini siku ile. Dada yake anasema shati la bluu. Mdogo wake anasema hapana, ilikuwa jezi. Walibishana mpaka betri ikaisha.

Maswali tuliyoulizwa sisi yalikuja baadaye, mbele ya meza ya ofisi fulani, na hayakuwa ya kumtafuta muuaji. Yalikuwa ya kutupima sisi. Baba yako alikufa tarehe ngapi? Mbona safari ile ulisema Jumatano? Linden naye anauliza sana, lakini baada ya jibu huwa ananyamaza, anamwangalia mtu tu. Ukimwona hivyo unatamani angekuwa ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza yako.

Halafu kuna habari ya mwalimu, Bennet Ahmed. Jina la Kiislamu, tayari macho yote yako kwake. Kumbe siri yake ni kwamba alikuwa anamsaidia binti mdogo wa Kisomali, anamficha. Stan, baba wa Rosie, anampiga karibu kumuua, na mwalimu hakuwa na kosa. Hapo tuligawanyika. Wavulana wengi walimtetea Stan: mzazi amefiwa, angefanya nini? Mama mmoja anayeangalia nasi, mtu asiyesema sana, akasema huko kijijini kwao kulichomwa nyumba tatu hivyo hivyo, kwa sababu mzazi amefiwa. Hakuna aliyemjibu. Tukasimamisha filamu, tukaenda kuchota maji.

Muuaji hatumtaji, tafuteni wenyewe.

Sasa tumenunua daftari la mistari. Kila anayetaka anaandikisha mtu wake: jina, mahali, siku, nani alikuwepo, alivaa nini. Hakuna hakimu wala Linden anayelingojea. Tumefika majina 14. Kwa yule kaka tumeandika yote mawili, shati la bluu na jezi, na dada yake akaweka sahihi pembeni.