Mdudu Kwanza, Chupa Baadaye

Nakivale, Base Camp

Mpwa wangu,

Nakuandikia kwa sababu waliotoka Mbarara wamerudi na neno: mkulima akiingia dukani kwenu akitamka "wadudu", unampa chupa ile ile ya dawa. Ni kweli?

Kiwavi hutafuna. Kunguni wa mimea hana meno. Huchoma mrija, hutema mate ya kulainisha, akafyonza. Dawa inayoua ikiliwa pamoja na jani haimpati, maana yeye anakunywa ndani. Tena kunguni hawa wana koo zao. Yule wa kijani anayenuka, mharibifu wa maharage, ni ukoo mmoja na kunguni wa kahawa. Ukoo wa Miridae una aina zaidi ya 10,000: yumo mbu wa mikorosho, wamo pia wanaokula mayai ya wadudu wengine kwenye nyanya. Hao unawaulia nini?

Kahawa ya babu yako kule Kalehe ilisifiwa hadi Bukavu. Mwaka mmoja mnunuzi alionja, akasema inanuka viazi vibichi, akatuita wachafu mbele za watu. Babu akapasua punje, akatuonyesha alama nyeusi pale kunguni wa kahawa alipotoboa na uozo ukaingia. Mjomba wako mkubwa, kwa haraka zake, alinunua unga wa dawa akamwaga shamba zima. Nyuki wakafa, na vinyigu wanaotaga ndani ya mayai ya kunguni wakafa nao. Msimu uliofuata kunguni walizidi. Babu hakubishana. Alipunguza matawi jua lipenye, maana mdudu yule hupenda kichaka kizito. Alfajiri tukang'uta miti juu ya shuka, tukawaokota na mabaka yao ya rangi ya chungwa. Kahawa ikarudi kunukia. Yule mnunuzi hajatuomba radhi hata leo.

Basi wewe, mjukuu wa mzee yule, uuze kwa kubahatisha? Muulize mkulima: jani limetafunwa au lina madoa? Mwambie alete mdudu kwenye kichupa.

Usipimie mtu dawa kwenye chupa ya soda. Vaa glavu.

Tajiri wako akikukataza kuuliza wateja, nipigie. Nitapanda gari la kwanza nije nizungumze naye.

Mjomba wako